Remmy Ongala: Mtunzi wa Ukumbini

Kituo cha Sinza kwa Remmy, mahali palipokuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya, kimebeba jina la mgeni. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akawa sauti ya Super Matimila.

Siku hizo wimbo wa dansi haukuzaliwa studioni. Ulitungwa, ukapelekwa ukumbini, ukajaribiwa mbele ya wachezaji hata ukakomaa, ndipo ukarekodiwa. Aliyelelewa na vina na mizani huenda akamwona Remmy mlegevu, maana mara nyingi alinena kuliko kuimba. Lakini ukumbi ndio uliomfunza hivyo. Katika “Kifo” anasema na mtu aliyesimama mbele yake, kwa maneno ya mtu huyo. Uingereza nayo ilimsikia: mwaka 1989 Real World ilitoa albamu yake, Songs for the Poor Man.

Mtihani ulikuja na “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa mwaka 1990 uliohimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na Bara haikuwa na redio nyingine. Hukumu hiyo ingetosha kumzika mtunzi wa studio. Remmy alikuwa na jukwaa, na waliotaka kuusikia walimfuata dansini.

Uzeeni aliokoka, akaimba Injili hadi alipofariki Desemba 2010.