Rongai ya Kitabu na Rongai ya Senema

Rongai inayokusudiwa katika makala haya si Ongata Rongai iliyo pembezoni mwa Nairobi, ambayo matatu zake zimeivumisha nchi nzima, bali ni Rongai ya Nakuru, mji mdogo ulio upande wa kaskazini magharibi wa kreta ya Menengai, penye stesheni iliyojengwa katika miaka ya 1920 wakati reli ilipokatwa kutoka Nakuru kupanda Uasin Gishu na kuelekea Uganda, na penye mashamba ya mahindi, ngano na mkonge yaliyotandazwa hadi macho yakomee. Nchi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai mpaka ulipofanywa mkataba wa mwaka 1904, ambao kwao waliondolewa katika sakafu ya Bonde la Ufa, na ardhi waliyoiacha ikagawiwa masetla. Nao masetla, maadamu ardhi pasipo mikono haizai, wakakusanya wafanyakazi kutoka kila upande, Wakikuyu na Wakipsigis, Watugen na Waluo, Waluhya na Waturkana, kila mtu na kipande, hati yake ya utambulisho, shingoni, na wajukuu wa watu hao ndio wanaoketi leo katika madarasa ya Rongai bega kwa bega.

Mahali kama hapa, ambapo habari zake zimehifadhiwa zaidi katika daftari za mishahara kuliko katika vitabu vya hadithi, hapakutazamiwa kuingia katika fasihi ya dunia. Lakini paliingia, tena kwa mlango ambao hapana mtu aliyeudhania.

Aliyepaingiza ni Stefanie Zweig, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1932 katika mji wa Leobschütz, ambao zamani hizo ulikuwa Ujerumani na sasa umo Poland. Baba yake alikuwa wakili, na kwa kuwa alikuwa Myahudi, sheria za utawala wa Hitler zilimnyang'anya kazi yake kabla hazijaanza kuitafuta roho yake. Basi mwaka 1938 akaikimbia nchi aliyozaliwa, akaja Kenya, na mtu aliyesomea hukumu na mikataba akawa msimamizi wa shamba la Mwingereza, asijue kupanda wala kukama, huku mkewe na binti yake wakimfuata baada ya muda. Jamaa waliobaki nyuma, aghalabu yao, waliangamia. Familia ilikaa Kenya hadi mwaka 1947, ikarejea Ujerumani baba alipopata kazi ya uhakimu Frankfurt, na mtoto yule, ambaye alikuwa amekua katika mashamba ya Bonde la Ufa na kusoma katika shule ya bweni ya Nakuru, akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1995 akachapisha riwaya aliyoiita *Nirgendwo in Afrika*, iliyofumwa kwa nyuzi za maisha yake mwenyewe. Riwaya hiyo inafunguka kwa barua, na juu ya barua za mwanzo, pale ambapo mwandishi wa barua huandika mahali alipo, limeandikwa jina la Rongai.

Miaka sita baadaye, mwishoni mwa 2001, riwaya ikawa senema. Mwongozaji wake, Caroline Link, alishikilia kwamba picha zipigwe Kenya yenyewe, na mwaka 2003 senema hiyo ikatunukiwa Oscar huko Marekani kuwa bora kuliko zote zilizotolewa kwa lugha za kigeni. Mpishi wa familia, Owuor, Mluo ambaye katika kitabu na katika senema ndiye anayemfundisha mtoto Regina namna ya kuwa mtu wa nchi hii, alichezwa na Mkenya Sidede Onyulo, na mtu hatakuwa ametia chumvi akisema kwamba bila ya uso wa Onyulo, unaosema mengi zaidi ya maneno aliyopewa, senema ile ingalipungukiwa na nusu ya uzito wake.

Sasa mtu wa Rongai akiitazama senema hii, jambo la kwanza litakalomgusa ni udongo. Picha nyingi za shamba zilipigwa Mukutani, katika nchi ya Baringo, mbali kaskazini, ambako ardhi ni nyekundu na kavu, miiba imetawala, na jua halina huruma. Na watu wanaoonekana wakilizunguka shamba ni Wapokot, kwa mavazi yao, ngoma zao na lugha yao. Amma Rongai na Ol Joro Orok za kitabu, ambako ndiko familia ile ilikoishi, ni nchi za nyanda za juu, zenye baridi ya asubuhi na mvua ya kutosha, na watu wa kitabu ni wale waliokuwako kweli katika mashamba ya masetla: Wakikuyu, Wanandi, Waluo na wengineo waliochanganyika. Mtazamaji wa Berlin au wa Chicago hawezi kulijua hilo, kwani kwake Afrika kavu ndiyo Afrika aliyoizoea katika picha, na ukame wa nchi unamfasiria ukiwa wa moyo wa mkimbizi. Mtoto wa Rongai analijua kabla hajaambiwa.

Kujua huko ndiko ninakotaka mwalimu akushike, kwa sababu ndani yake mna mlango wa elimu ambayo shule zetu zinaihitaji sana hivi leo, nayo ni elimu ya kuisoma picha kama inavyosomwa sentensi: kuuliza nani aliyeitunga, alisimama wapi alipoitunga, alitia nini ndani ya fremu na aliacha nini nje, na kwa faida ya nani.

Historia ya senema na mafunzo katika Afrika ya Mashariki inaonyesha kwamba elimu hii ilianza kwa kupinduliwa kichwa chini miguu juu. Baina ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundishia Waafrika, kwa fedha za wakfu wa Carnegie wa Marekani. Wakatengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, kuweka akiba na mengineyo, wakazitembeza kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yakisikika kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, kutoka katika sahani za santuri. Baada ya hapo, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaunda idara yake ya filamu za makoloni chini ya William Sellers, ambaye alikuwa ameanza kazi hiyo Nigeria, na ambaye alieneza itikadi kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha inayokwenda kwa kasi, hivyo sharti atengenezewe filamu ya polepole, isiyorukaruka, inayoonyesha kila hatua. Yaani mtazamaji ndiye aliyewekwa kitini kupimwa, na filamu yenyewe haikupimwa na mtu.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo ambacho kilirudiwa mno na wataalamu wa Ulaya na Marekani, hata mwanachuoni Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya afya, ya kufundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakaitazama tena, picha moja baada ya moja, na kweli wakamkuta kuku amepita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kilisimuliwa kuwa ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi nakiona kuwa ushahidi mkubwa wa kinyume chake, kwa sababu katika hadhara ile yote, waliokuwa wameisoma picha kwa ukamilifu ni wale wanakijiji. Wao waliona kilichokuwamo, ilhali watengenezaji waliona walichokusudia tu. Udongo mwekundu wa Mukutani ni kuku wa namna hiyo hiyo, na anayemwona ni mtoto wa Rongai.

Lakini kumwona hakutoshi. Sharti afundishwe kuuliza ni kwa nini yuko pale. Hapa ndipo riwaya inapokuwa msaada usio na kifani, kwa sababu anayesoma kitabu kwanza huingia katika senema akiwa na mizani mkononi. Katika kitabu, msimulizi anasimama nje ya wahusika na kuingia katika nyoyo za baba, mama na mtoto kwa zamu, na moyo wa hadithi ni mapenzi ya baba na binti. Katika senema, sauti inayosimulia ni ya Regina mwenyewe, na uzito umehamishwa ukawekwa juu ya ndoa, juu ya mama anayefika shamba na gauni la karamu badala ya sanduku la barafu aliloagizwa, na ambaye polepole anaipenda nchi ile aliyoichukia wakati mumewe anapoanza kuitamani nchi iliyomfukuza. Hakuna kosa katika mabadiliko hayo. Caroline Link alikuwa na haki yake ya utunzi kama Zweig alivyokuwa na yake. Ila mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba kisa kimoja kinaweza kuhamishwa kitovu chake, na machozi ya mtazamaji yakahamia mahali pengine pamoja nacho, hatadanganyika kwa urahisi siku atakapoletewa kwenye simu yake picha fupi ya mkutano wa kisiasa iliyokatwa mwanzo na mwisho. Na Rongai, pamoja na Nakuru yote, imekwisha kujua, mwaka 1992, na 1998, na tena mwanzoni mwa 2008, habari za uongo zinavyoweza kugharimu nyumba na roho za watu.

Kuna fadhila nyingine ambayo senema hii inampa mwanafunzi wetu, nayo ni lugha. Wajumbe waliompigia Link kura ya Oscar waliisoma senema ile kwa maandishi yaliyo chini ya picha, Kijerumani chake na Kiswahili chake. Mtoto wa Rongai, akiwa hajui Kijerumani hata neno, atasoma maneno ya mabwana, lakini maneno ya Owuor atayasikia moja kwa moja, na kwa mara moja katika maisha yake ya kutazama picha za watu wengine atakuwa yeye mwenyeji na wengine wote wageni. Mwalimu na asimamishe picha hapo. Na awaulize wanafunzi kama maandishi yametoa yote aliyoyasema Owuor, kama Kiswahili cha mpishi kinafanana na Kiswahili cha jikoni mwao, na kama anasema na bwana kwa sauti ile ile anayosema nayo na mtoto.

Pingamizi kubwa la somo kama hili halitoki kwa wanafunzi. Latoka katika desturi yetu ya mitihani. Shule za Kenya zina vitabu teule, na pembeni ya vitabu teule pamestawi biashara ya miongozo, na vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shule kwa shule vikiigiza riwaya na tamthilia hizo ukumbini, na kanda zake kuuzwa. Sivilaumu vikundi hivi. Vimewafikisha watoto wengi katika sanaa ambayo wasingaliiona. *Blossoms of the Savannah*, riwaya ya Henry ole Kulet, mtu aliyeishi Nakuru hadi alipofariki mwaka 2021, ambayo yaanza kwa familia kuuacha mji huo huo wa Nakuru kwenda Nasila, imeigizwa mbele ya maelfu ya wanafunzi waliokuwa wakiisomea mtihani. Ninalolilaumu ni kwamba maigizo hutazamwa kama njia fupi ya kukwepa kurasa, na mwanafunzi hutoka ukumbini akidhani amekwisha kusoma kitabu, pasipo mtu kumwuliza ni sura ipi iliyoachwa, na kwa nini mhusika aliyekuwa mnyamavu katika kitabu alichekesha jukwaani.

Atakayesema kwamba hakuna riwaya za Kiswahili zenye senema za kufundishia, naye ana haki ya kulalamikia uchache wake, na atazame Zanzibar. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kuwasomesha vijana wengi habari za Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni, ilifanywa senema na Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa Toronto, na kisha Tanzania ikaipeleka kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Hapo darasa la Rongai lingekuwa katika hali ya pili: sasa wao ndio wageni, wakiitazama pwani ambayo wengi wao hawajaiona, na watahitaji kuuliza maswali yale yale bila ya msaada wa udongo wanaoujua. Kwa maoni yangu senema hizi mbili zifundishwe kwa mfuatano huo, ya Rongai kwanza na ya Unguja baadaye.

Senema ya Link haifai kuonyeshwa nzima darasani. Ni ndefu, yapita saa mbili na robo, na ina mambo ya watu wazima ambayo mwalimu mwenye busara atayaruka. Dakika kumi zilizochaguliwa vyema, zikatazamwa mara tatu na ukurasa wa riwaya ukiwa wazi mezani, zinafundisha zaidi. Riwaya yenyewe ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2004, kwa hiyo lugha si kikwazo.

Na katika dakika kumi hizo ningependa achaguliwe Owuor. Anawafuata mabwana zake kutoka shamba hadi shamba, anapika, anamwuguza bwana mwenye malaria, anamlea mtoto, na kamera haimfuati nyumbani kwake. Darasa na lijaribu kuandika lile ambalo kamera haikulipiga: nani alimlimia shamba lake alipokuwa Rongai, mshahara wake ulikuwa nini, kipande chake kinaonekana wapi katika picha au kimefichwa wapi. Majibu kamili ya maswali hayo hayamo katika kitabu wala katika senema. Kwa baadhi ya wanafunzi yako nyumbani, kwa babu au bibi ambaye wazazi wake walikuwa vibarua katika mashamba yale yale, na mwanafunzi na atumwe akaulize jioni hiyo hiyo, aandike jina la shamba, kazi iliyofanywa na ujira uliolipwa, kisha alete daftari lake darasani lisomwe pamoja na riwaya ya Zweig.