Mluzi wa Roger Whittaker

Wazee wa Kitengela wana Roger Whittaker wao, na usijaribu kuwanyang'anya. Weka My Land Is Kenya kwenye matatu inayotoka Kajiado uone: yule aliyesinzia tangu Isinya ataamka na kuanza kupiga mluzi. Kwa baba yangu huo ni wimbo wa taifa wa pili, aliouzoea enzi za Sauti ya Kenya.

Mimi nilianza kumsikiliza kwa makini alipofariki Ufaransa, Septemba 2023, akiwa na miaka 87. Alizaliwa Nairobi mwaka 1936. Wazazi wake Waingereza walikuja kutafuta joto baada ya baba kuumia kwa ajali ya pikipiki, wakapata shamba karibu na Thika. Alisoma Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Kisha akaitwa jeshini, akakaa miaka miwili kwenye Kenya Regiment akipigana na Mau Mau msituni Aberdare.

Hapo nilisimamisha muziki kwanza. Babu yangu alizuiliwa Manyani miaka hiyohiyo. Wimbo huu ukianza redioni alikuwa anatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, na sisi watoto tulidhani ni mambo ya uzee tu.

Whittaker aliondoka Kenya 1959, akasoma Bangor huko Wales, na maisha yake ya muziki yakawa ya ng'ambo. Aliwahi kuwaomba wasikilizaji wa redio wamtumie mashairi ayatie sauti. Fundi wa vyombo vya fedha wa Birmingham, Ron Webster, akatuma yaliyozaa The Last Farewell. Ulirekodiwa 1971, ukalala miaka minne, kisha 1975 ukalipuka Marekani. Kuna pia albamu yake ya jukwaani. Naipenda kuliko zile za studio, kwa sababu jukwaani mtu hana pa kujificha, na sauti ile nzito haikuhitaji kujificha. Kampuni yake ya muziki kule Kanada baadaye iliitwa Tembo. Ati Tembo! Wenyewe wako hapa Amboseli, hawajaona hata senti ya mrabaha.

Uzeeni alihamia masikio ya Wajerumani. Alirekodi albamu nyingi kwa lugha yao bila kuijua, akikariri matamshi neno kwa neno, na wakamjazia kumbi hadi anastaafu. Katikati ya safari hiyo, Aprili 1989, majambazi walivamia nyumba ya wazazi wake Nairobi. Baba aliuawa, mama akateswa kwa saa nyingi, kisha akarudi Uingereza. Hata baada ya hapo redio zetu ziliendelea kuupiga wimbo.

Kitengela si mahali pa kutamka "nchi yangu" kirahisi. Wamaasai walisukumwa kusini, hadi huku Kajiado, kwa mikataba ya 1904 na 1911 ili walowezi wapate nafasi. Sasa mbuga imekatwa vipande vya hamsini kwa mia, na nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi wanakutana na seng'enge. Kipande kimoja ni cha baba yangu, mtu wa Nyeri. Nilimuuliza kama anajua habari za Kenya Regiment.

"Najua kitambo," alisema. "Babu yako ndiye aliniambia. Redio yenyewe alininunulia yeye."