Aliyetumia kitambulisho chako zamani bado anaweza kushtakiwa

MKAZI wa Nakuru anayegundua leo kuwa mwaka wa 2016 ndugu au mfanyakazi mwenzake alichukua mkopo kwa jina lake, huambiwa na wengi kwamba kesi imepitwa na wakati. Si kweli. Kifungu cha 219 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai huweka kikomo cha miezi 12 kwa makosa madogo tu, ambayo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha miezi sita, faini ya Sh1,000, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai (kifungu cha 382 cha Kanuni ya Adhabu) hakumo humo, wala kughushi hati.

Kinachobadilika ni sheria itakayotumika. Wizi wa utambulisho ulitajwa kwa jina katika sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018, kifungu cha 29: faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Hata hivyo, Katiba hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. La 2016 basi litashtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Matapeli wa laini za simu ambao polisi wamewanasa mara kwa mara Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, kwa kawaida hawamjui wanayemwibia. Jamaa ni mgumu zaidi, maana utetezi wake u tayari: alinipa kitambulisho mwenyewe. Ndiyo sababu ushahidi hutangulia ugomvi. Ripoti ya CRB hutolewa bila malipo mara moja kwa mwaka. *106# huonyesha laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa nambari ya mtu. Fomu ya mkopo yenye saini, na akaunti zilikoingia pesa, wapelelezi wa DCI wataziomba baada ya mlalamishi kupata nambari ya OB kituoni.

Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wa wazee wa ukoo. Kifungu cha 176 huruhusu mahakama kuhimiza upatanisho, lakini si kwa makosa mazito, na kughushi huhesabiwa miongoni mwake. Isitoshe, mapatano ya nyumbani hayaondoi deni katika rekodi. Mkopeshaji ndiye hulisahihisha, naye hutaka barua ya polisi. Anayedai fidia katika kesi ya madai huhesabiwa muda tangu alipogundua ulaghai, au alipopaswa kuugundua.