Babu Ambaye Hayumo Kitabuni

Baba tulimzika Tarime alikozaliwa, lakini karatasi zake zote zilibaki Iringo, Musoma, kwenye nyumba aliyotulelea. Baada ya matanga nilipewa kazi mbili: kufuatilia cheti cha kifo na kuandika historia ya ukoo. Ya pili ilinikwamisha kwa babu. Baba alibeba jina lake maisha yote, ila habari zake hakuwahi kutusimulia.

Nilianza na kitabu cha ubatizo. Katika vitabu vya Kanisa Katoliki, pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa kipaimara na ndoa, hivyo ukurasa mmoja hukuelekeza kwenye kitabu kingine. Kwa njia hiyo niliipata ndoa ya baba, pamoja na tarehe na mashahidi. Kwenye ubatizo wake, jina la bibi lilikuwepo. Mahali pa baba mzazi palichorwa mstari.

Nikarudi Tarime. Shangazi alinipeleka nyuma ya nyumba, penye makaburi ya familia. Kando ya kaburi la bibi palikuwa na jingine, la zamani zaidi.

"Babu yako huyo," akasema. "Alikuwa mwanamke."

Wakurya huiita nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa msichana. Watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa nyumba yake. Mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua muungano wa mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo hata leo hakuna rejista ya serikali itakayokuonyesha ndoa ya namna hiyo. Utaikuta kwa wazee wanaokumbuka ng'ombe walitoka zizi gani, na kwa jinsi makaburi yalivyopangwa.

"Baba alijua?" nikauliza.

"Alijua. Shuleni walimcheka, akaacha kusema."

Kaka yangu amesoma rasimu na anataka sehemu hiyo iondolewe, tusije tukachekwa na sisi. Nilimwomba alete vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Akavileta. Nikamwonyesha jina la mwisho kwenye kila kimoja, nikamuuliza ni la nani.

Hajanijibu. Sehemu hiyo bado ipo.