Tope la Ndiva

Wilayani Same, mvua huosha miteremko ya Milima ya Upare, na mfereji ukaupeleka udongo huo ndivani. Ndiva ni bwawa dogo la jadi: usiku hupokea maji ya kijito, mchana hufunguliwa yateremke mashambani. Maji yakitulia, tope hushuka. Likiwa jembamba hufaa, kwani huziba vinyweleo vya sakafu, ardhi isiyanywe maji. Likizidi huila nafasi ya maji yenyewe, ikabidi lizolewe. Likirundikwa ukingoni huwa mfinyanzi mzito usiopitisha maji, wenye kunata masika na kupasuka kiangazi.

Hapo kale ndiva zilikuwa mali ya koo, na haki ya maji ilifungamana na jembe: aliyekwepa kuzoa tope alitozwa, au alinyimwa zamu. Sheria ya mwaka 1974 ikayafanya maji yote ya Tanzania Bara kuwa ya dola, haki ikawa ya kuandikiwa. Karatasi, bila shaka, haizoi tope. Baadaye ndiva kadhaa zilikarabatiwa, nyingine zikasakafiwa kwa saruji. Tope jembamba likakosa kazi yake ya zamani, ila kila masika lingali likishuka.