Kipago cha Lubumbashi: Ligi za Nje na Safari ya Taifa Stars

Mgwashi ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto, na kama ilivyo sehemu kubwa ya Usambara, ardhi tambarare huko ni adimu kuliko mvua. Milima imewapa wakazi wake chai, ndizi na mboga, viwanja imewanyima. Anayecheza chandimu mteremkoni hujifunza mapema kuuchunga mpira mguuni, kwa sababu ukimponyoka, bondeni atashuka kuufuata yeye mwenyewe. Mwishoni mwa wiki, vijana wa vijiji kama hivyo hujibana kwenye vibanda umiza kutazama ligi za Uingereza na Hispania, na kila mmoja ana hesabu yake kichwani: mwenzetu mmoja akifika kule, Taifa Stars itapaa.

Hesabu hiyo haikuanzia kibandani. Mwaka 2005 mwanauchumi Branko Milanovic alitoa hoja kwamba soko huria la wachezaji huzidisha pengo kati ya klabu tajiri na maskini, lakini hupunguza pengo kati ya timu za taifa. Mchezaji huuza kazi yake popote, ila jezi ya taifa haiuzwi. Ujuzi alioupata ugenini hurudi naye siku ya kuitwa kambini. Mwaka 2013 Ruxanda Berlinschi, Jeroen Schokkaert na Johan Swinnen waliipima hoja hiyo kwa takwimu, wakaona kwamba uhamaji wa wachezaji huinua matokeo ya timu za taifa, hasa kwa nchi ambazo klabu zake ni dhaifu. Kwa karatasi, basi, kijana wa kibandani ana wasomi upande wake.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ina shahidi anayewasumbua wasomi hao, naye ni Kenya. McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Mdogo wake, Victor Wanyama, aliifunga Barcelona akiwa na Celtic mwaka 2012, kisha akacheza Southampton na Tottenham. Dennis Oliech alikaa miaka mingi Ufaransa. Kwa majina hayo matatu, nchi nyingine za ukanda huu zilikuwa zinameza mate tu. Lakini baada ya fainali za Mataifa ya Afrika za 2004, Harambee Stars haikuziona tena hadi 2019, na tangu hapo haikufuzu kwa zile za 2021, 2023 wala 2025.

Tanzania nayo ilionja uchungu huo. Tarehe 8 Novemba 2015 TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger, huku Mbwana Samatta akiwa miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano yale. Siku tisa baadaye, huko Blida, Taifa Stars ilifungwa na Algeria 7-0. Januari iliyofuata Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mtu mmoja alikuwa kileleni, na timu yake ya taifa ilikuwa imetoka kulala chali.

Kosa la hesabu ya kibandani ni kumtazama aliyefika juu na kusahau kuhesabu vipago vya ngazi. Timu ya taifa hainufaiki sana na nyota mmoja aliyezungukwa na wenzake ambao hawajawahi kucheza mechi ya presha nje ya mipaka yao. Hunufaika pale wachezaji sita, saba, wanane wanapokuwa kwenye ligi iliyo juu kidogo ya ile ya nyumbani, nao wanaanza kila wiki. Kuanza kila wiki ndiyo kiini cha jambo. Benchi la klabu kubwa humpa mchezaji mshahara mzuri na picha nzuri, lakini halimpi pumzi ya dakika ya themanini.

Mfano ulio wazi ni Zambia. Tarehe 12 Februari 2012, mjini Libreville, Chipolopolo iliishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7 katika fainali ya Afrika. Upande wa pili walisimama Didier Drogba wa Chelsea na Yaya Touré wa Manchester City. Penalti ya ubingwa ilipigwa na Stoppila Sunzu, beki wa TP Mazembe, klabu aliyokuwa akiichezea pia Rainford Kalaba; wenzao kadhaa walikuwa Afrika Kusini. Hawa hawakuwa watu wa kubandikwa ukutani kwenye vibanda vya Lusaka, sembuse Lushoto. Walikuwa wamezoeana, walikuwa fiti, na wamekwisha kucheza mechi ngumu za Afrika mpaka hazikuwatisha tena.

Samatta mwenyewe alipita Lubumbashi. Aliondoka Simba mwaka 2011, akacheza Mazembe zaidi ya miaka minne, ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua Januari 2016. Akiwa Genk alitwaa ubingwa wa nchi msimu wa 2018/19, akapewa Kiatu cha Ebony cha 2019, tuzo ya Ubelgiji kwa wachezaji wenye asili ya Afrika, akaifunga Liverpool palepale Anfield katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Aston Villa ilikuja mwaka 2020, na bao lake la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Wembley, ndilo linalokumbukwa zaidi mitaani. Lakini Villa hakumaliza hata mwaka mmoja. Miaka iliyomjenga ni ile ya Lubumbashi na Genk, ambayo kibandani haikuonekana.

Wengine waliifuata njia hiyo hiyo ya katikati. Simon Msuva alitoka Yanga mwaka 2017 kwenda Difaâ El Jadida ya Morocco, kisha Wydad. Himid Mao alikwenda Misri, naye Abdi Banda, aliyepitia Coastal Union ya Tanga, akaenda Afrika Kusini. Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kurudi fainali za Afrika baada ya miaka 39. Haki itendeke hapa: fainali hizo ndizo zilizoongezwa hadi timu 24, kwa hiyo mlango ulikuwa umepanuliwa. Na huko Misri Stars ilifungwa mechi zote tatu. Ila timu iliyolala 7-0 mwaka 2015 haikuwa tena ile ile.

Upo pia upande ambao mjadala wa maproo huusahau: ligi yenye nguvu inaweza kuhamia nyumbani. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za televisheni wa Ligi Kuu wa miaka 10, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Simba ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19 na ikairudia mara kadhaa. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba nayo mwaka 2025. Beki wa Kitanzania aliyemkaba Stephane Aziz Ki mazoezini kila asubuhi, alipokuwa Yanga, alikuwa amefika ligi ya nje bila kupanda ndege.

Bei ya nguvu hiyo ya ligi ya nyumbani inalipwa na washambuliaji wazawa. Meddie Kagere wa Rwanda aliongoza kwa mabao misimu miwili mfululizo, 2018/19 na 2019/20, na klabu kubwa zimeendelea kutafuta namba tisa nje ya nchi. Ndiyo maana Stars imewategemea Msuva na Samatta kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Isitoshe, mshahara wa Kariakoo, kwa Simba na Yanga, sasa ni mnono kiasi kwamba kijana wa miaka 21 huona shida kuuacha akaanze upya kwenye baridi ya klabu ndogo ya Ulaya, ambako hakuna atakayemwimba.

Fainali za Morocco, zilizoanza Desemba 2025, zilionyesha sura halisi ya mchanganyiko huu. Stars ilifunga mabao matatu katika kundi lake. Dhidi ya Nigeria alifunga Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia. Dhidi ya Uganda, Msuva, aliyekuwa akicheza Iraq. Dhidi ya Tunisia, Feisal Salum wa Azam, wa hapa hapa nyumbani. Kwa sare mbili na kipigo kimoja timu ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kisha ikatolewa na Morocco 1-0. Ushindi katika fainali za Afrika bado haijawahi kuupata.

Na Mgwashi? Kanuni za FIFA hukataza, isipokuwa kwa sababu chache, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Hivyo Genk na Lubumbashi hupokea aliyekwisha kupikwa mteremkoni, kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na Tanga mjini. Kanuni hizo hizo zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Klabu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 ina asilimia 1. Ada ikiwa euro milioni moja, hiyo ni euro 10,000, fedha inayotosha kuanza kuchonga kilima kiwe uwanja. Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji ambaye jina lake liliandikwa mwaka ule ule alipokuwa mtoto. Timu ya kijiji inayokusanyika kwa ajili ya ndondo na kutawanyika kombe likiisha haina daftari la kupeleka popote.