Mkunga Mlangoni: Historia ya Kudai Uzazi Salama Nyumbani, Bungoma na Kitale

Hadi miaka michache iliyopita, watoto wengi wa Bungoma na Trans Nzoia walizaliwa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba kote Kenya ni asilimia 44 tu ya wazazi waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Mkoa wa Magharibi, ambamo Bungoma ilikuwamo, ulishika mkia, hata nyuma ya Kaskazini Mashariki yenye majangwa na umbali wake: takriban mzazi mmoja kati ya wanne ndiye aliyepata muuguzi, mkunga au daktari. Waliosalia walizalishwa na wakunga wa jadi, mama wakwe, majirani, na wengine walijikaza peke yao. Madai ya kumfikishia mwanamke mkunga aliyesomea hadi nyumbani kwake yalizuka katika mazingira hayo. Hayakuanzia kwa watu waliokataa hospitali, ila kwa watu waliojua kwamba hospitali haifikiki usiku wa mvua.

Wakoloni walipoingia, uzazi ulikuwa shughuli ya wanawake watu wazima, na haukuwa na ofisi. Wamisionari wa Friends, wanaojulikana pia kama Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ya tiba ikaenea polepole hadi Lugulu, ambako hospitali yao ingali inahudumia watu wa Bungoma. Wakatoliki nao wakajenga Misikhu. Ng'ambo ya mpaka, Katharine Cook na mumewe, daktari Albert Cook, walikuwa wameanzisha shule ya wakunga huko Mengo, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nairobi ilipata nyumba ya uzazi ya Pumwani katika muongo huohuo, kwa juhudi za chama cha Lady Grigg, mke wa gavana. Shabaha ya taasisi hizo zote ilikuwa moja: kumtoa mwanamke nyumbani na kumleta wodini. Mkunga wa kijijini alitazamwa kama mzigo wa ujinga, na ni wachache waliojali kumwuliza alichokuwa akikijua.

Kitale, mji mkuu wa Trans Nzoia, ilikuwa na hali yake. Reli ilifika mwaka 1926, na ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Hospitali za mjini ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, na wake wa vibarua wa mashambani walijifungulia kwenye vibanda vya kambi za kazi, wakisaidiwa na wanawake wenzao. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba yaligawanywa kwa miradi ya makazi na vyama vya kununua ardhi, nao Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Waturkana, Wakisii na wengine wakawa majirani. Mitaa ya pembezoni mwa mji kama Kibomet ilijaa familia zilizoacha shangazi na bibi zao mbali. Hapo mkunga wa jadi hakuwa tena lazima ndugu wa ukoo. Alikuwa jirani mwenye sifa, aliyegongewa mlango usiku na kulipwa kwa kuku, sukari au pesa kidogo.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotangaza huduma ya msingi ya afya, ulimpa mkunga huyo heshima ya ghafla. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine yalihimiza serikali zimfundishe. Kote Kenya katika miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakizalisha kwa uzoefu tu waliitwa kwenye semina, wakafundishwa kunawa mikono, kukata kitovu kwa wembe mpya na kutambua dalili za hatari, kisha wakarudi nyumbani na mkoba wa vifaa. Februari 1987 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa ulioanzisha kampeni ya Uzazi Salama. Lengo lilikuwa kupunguza vifo vya wazazi kwa nusu kufikia mwaka 2000. Lengo hilo halikufikiwa.

Sababu zake zilitokana na maumbile yenyewe ya hatari za uzazi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kifafa cha mimba kinahitaji sindano ya magnesiamu. Mtoto aliyekwama anahitaji upasuaji. Mkunga wa jadi, hata aliyefundishwa vizuri, hana dawa wala kisu, na anachoweza kufanya ni kusema kwamba mama apelekwe, kama kuna gari, kama kuna barabara, na kama mume yupo wa kutoa ruhusa na nauli. Ni kweli pia kwamba serikali ilimlaumu yeye kwa makosa ya wengine, kwa sababu ilikuwa rahisi kumfunza bibi kwa siku chache kuliko kujenga chumba cha upasuaji. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, lilitamka kwamba mkunga wa jadi hahesabiki kuwa mhudumu mwenye ujuzi. Semina zikafifia.

Wakati huohuo hospitali zenyewe zilikuwa zimekuwa ghali. Tangu mwishoni mwa 1989 Wakenya walikuwa wakichangia gharama za matibabu ya serikali. Familia ya kijijini iliona kujifungua hospitalini kama deni linalokuja na mtoto. Ripoti ya FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Haki za Uzazi, iliyotolewa mwaka 2007, ilieleza jinsi wanawake walivyotukanwa na kupuuzwa wodini, na jinsi wengine walivyozuiliwa baada ya kujifungua hadi walipe. Mwanamke aliyesema afadhali nyumbani hakuwa akishikilia mila kwa ukaidi. Alikuwa amepiga hesabu ya pesa, maneno na aibu.

Ndipo mwaka 2005 Mkoa wa Magharibi ulipojaribu njia ya tatu, iliyoitwa ukunga wa jamii. Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Population Council walitafuta wauguzi na wakunga waliosajiliwa waliokuwa wamestaafu au waliokuwa hawana kazi, na ambao walikuwa wakiishi vijijini. Bungoma ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizohusika. Watu hawa walikuwa tayari na cheti na miaka ya kazi, na walichokosa ni mshahara na mahali pa kazi. Walipewa mafunzo ya kujikumbusha, wakakabidhiwa vifaa, wakaunganishwa na zahanati iliyo karibu kwa usimamizi na rufaa. Mama mjamzito aliweza kumwita mkunga huyo aje kwake, amsikilize mtoto tumboni, amzalishe, amrudie baadaye kumtazama yeye na kichanga, na kumpa ushauri na huduma ya uzazi wa mpango. Mambo yakiharibika, mkunga ndiye aliyeandika barua ya rufaa na kumsindikiza.

Mpango huo ulivutia kwa sababu ulivunja mkwamo wa zamani: mkunga wa jadi asiye na ujuzi, na muuguzi mwenye ujuzi asiyefika. Wanawake walipenda faragha, kujuana, na ada iliyoweza kujadiliwa na kulipwa kidogokidogo. Wizara ilitoa mwongozo wa kitaifa wa ukunga wa jamii, ukarekebishwa mwaka 2012. Lakini mkunga aliyestaafu bado alilazimika kula. Mteja aliyeshindwa kulipa alimwacha na hasara ya glovu na nauli, na vifaa vilipoisha hakukuwa na bajeti ya kuvijaza tena. Kila mradi wa wafadhili ulipofunga virago, kazi ilibaki kwenye kitabu cha mwongozo. Udhaifu wake mkubwa haukuwa wa kitabibu: hakuna aliyekubali kwamba mkunga huyu ni mfanyakazi wa umma anayestahili malipo ya umma.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kujifungua bure katika vituo vya serikali. Januari 2014 mkewe Margaret Kenyatta alizindua kampeni ya Beyond Zero, iliyopeleka kliniki za magari katika kaunti, kisha ukaja mpango wa bima wa Linda Mama chini ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Idadi ikabadilika kwa kasi. Utafiti wa 2014 ulipata asilimia 62 ya watoto wakizaliwa mbele ya mhudumu mwenye ujuzi, na ule wa 2022 asilimia 89. Kwa kipimo chochote hayo ni mafanikio makubwa. Mkunga wa jadi akageuzwa msindikizaji, na katika kaunti mbalimbali akalipwa kidogo kwa kila mama aliyemfikisha kituoni. Kwa upande wa wanawake, vikundi vya chama vya akina mama wajawazito vilivyoanzishwa na mpango wa AMPATH wa Eldoret mwaka 2012, na kufanyiwa utafiti Trans Nzoia kuanzia 2017, viliwaweka pamoja kujadili afya huku wakiweka akiba ya pamoja.

Bungoma ilitoa pia kesi iliyoonyesha kasoro ya mafanikio hayo. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo la rais, mwanamke mmoja alikwenda Hospitali ya Wilaya ya Bungoma kujifungua. Alitakiwa anunue mwenyewe pamba na dawa. Akapewa dawa ya kuanzisha uchungu bila uangalizi, akaambiwa atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia, na alipokuta vitanda vimejaa akazirai akirudi. Alijifungua sakafuni na wauguzi wakampiga makofi na kumtukana. Mtu alirekodi tukio hilo kwa simu, likaonekana nchi nzima. Kituo cha Haki za Uzazi kikamsaidia kufungua kesi mwaka 2014, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba heshima na haki yake ya afya zilivunjwa. Alimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuamuru aombwe radhi. Jaji huyo hakuishia kwa wauguzi. Aliona kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilitangaza huduma bure bila kuipa pesa, vitanda wala usimamizi.

Uamuzi huo uliegemea Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, pamoja na huduma ya afya ya uzazi, na ibara ya 28 inalinda utu wake. Wanaharakati wa ukunga wameishika hoja hiyo: mwanamke aliyedhalilishwa hospitalini hakupewa haki aliyoahidiwa. Utafiti wa mradi wa Heshima, uliofanywa katika vituo 13 nchini, uliripoti kwamba mmoja kati ya wanawake watano alisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua.

Nje ya Kenya mjadala ulikwenda njia nyingine. Uingereza ilikuwa imependekeza mwaka 1970 kwamba kila mtoto azaliwe hospitalini, kisha ikatoa ripoti ya 1993 iliyotetea uchaguzi wa mama. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Ternovszky dhidi ya Hungaria, ilikubali kwamba kuchagua mazingira ya kujifungulia ni sehemu ya maisha ya faragha. Miaka sita baadaye, katika kesi ya Czech, mahakama hiyohiyo ikaona kwamba serikali inaweza kutoruhusu ukunga wa nyumbani. Barani Afrika, baadhi ya serikali zilipiga marufuku bila kupanga mbadala. Malawi iliwazuia wakunga wa jadi mwaka 2007, na miaka mitatu baadaye rais wake akalegeza msimamo baada ya malalamiko. Ukweli ni kwamba amri bila mbadala huwapeleka wazazi mafichoni.

Trans Nzoia na Bungoma zililiona hilo bila amri yoyote. Mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na ule wa wauguzi wa Juni hadi Novemba 2017, ilifunga wodi na kuwarudisha wanawake kwa majirani. Mwaka 2020 amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa kwa sababu ya korona, ilimfanya mjamzito wa alfajiri aogope polisi kuliko uchungu. Huko Nairobi daktari Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa magari ya usiku wa Wheels for Life. Katika mashamba ya Kwanza, Endebess na miteremko ya Mlima Elgon, usafiri ulibaki kuwa boda boda au machela. Mwanamke wa Kibomet aliye karibu na mji ana nafuu, lakini kwa mvua ya Aprili hata kilomita tatu za udongo mwekundu ni safari.

Hoja ya watetezi wa ukunga wa jamii bado haijajibiwa. Hakuna sheria ya taifa inayomkataza Mkenya kujifungulia nyumbani, na mwongozo wa wizara unamtambua mkunga aliyesajiliwa anayetoa huduma mtaani. Wizara pia haikosei inaposema kwamba mama mwenye mapacha, shinikizo la damu au kovu la upasuaji hapaswi kukaa nyumbani. Mambo hayo mawili yanapatana. Yanadai mkunga mwenye leseni, orodha kali ya wanaoruhusiwa, simu inayopokelewa, gari linalofika na hospitali inayompokea mgonjwa bila kumlaumu mkunga aliyemleta.

Kilichosalia ni pesa. Bima ya Linda Mama ililipa vituo vilivyoidhinishwa, na mfumo wa SHA, mamlaka ya afya ya jamii, uliochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 unalipa vivyo hivyo. Mkunga aliyestaafu wa Kibomet, au wa Chwele kule Bungoma, anayeitwa usiku hana mahali pa kupeleka hati ya madai, hata kama ana leseni na uzoefu wa miaka thelathini. Kwa hiyo mwanamke anayemtaka atamlipa kutoka mfukoni mwake, au atamkosa.